Ndugu Wawili wa Tanga na Kabati la Vitabu la Madrasa



Ndugu wasomaji, katika kikao cha kamati ya msikiti wetu kilichofanyika baada ya swala ya Isha, ajenda ya tano ilikuwa fupi kuliko zote kwenye karatasi, na ndiyo iliyotukalisha hadi usiku mkubwa. Ilisema tu: matumizi ya fedha zilizobaki. Zilikuwa fedha za michango ya waumini, nazo hazikuwa nyingi. Wapo waliotaka zinunue zulia jipya la safu za mbele, kwa kuwa lililopo limechanika na wazee wawili wamekwishajikwaa. Walimu wa madrasa nao waliomba kabati la vitabu vya watoto: visa, hadithi na mashairi ya Kiswahili, ambavyo mtoto angevisoma akimaliza darsa lake au kuvichukua nyumbani siku ya Alhamisi.

Mzee wetu mmoja, ambaye alikuwa katika kamati kabla baadhi yetu hatujazaliwa, alikiinua kitabu kimoja chembamba ambacho mwalimu alikuwa amekileta kama mfano. Akakifungua katikati, akasoma kimya mistari michache, kisha akauliza: "Madrasa na hadithi za manyani, wapi na wapi?" Watu wakacheka. Kitabu kilikuwa *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert. Sisi tunaoandika muhtasari wa vikao tuliliandika swali lile kama lilivyoulizwa, wala hatukuwa na jibu la kuliweka chini yake. Mwenyekiti akaahirisha ajenda kwa mwezi mmoja.

Tumeutumia mwezi huo kumsoma upya mwandishi tuliyemsoma shuleni kwa ajili ya mtihani tukamsahau. Tumeona si haki tuliyoyapata yakabaki ndani ya daftari la kamati, ilhali swali la mzee wetu linaulizwa, kwa maneno mengine, katika nyumba nyingi za Waislamu.

Karani wa Vibambani

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, kusini mwa mji wetu wa Tanga, upande wa Machui. Watoto wetu wengi wanalijua jina lake kwa kuwa limo katika mitihani, na waliofika Dar es Salaam wameliona kwenye kibao cha mtaa. Hilo la Robert huwatatiza. Tumeulizwa zaidi ya mara moja na wanafunzi wa madrasa ikiwa mtu huyu alikuwa Mkristo. Tunawajibu kwamba alikuwa Muislamu, mtoto wa pwani hii, na kwamba anayetaka kujua imani yake asiishie kwenye jina, asome mashairi yake.

Alisoma shule Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926, na mwaka huo huo wa 1926 akaajiriwa kuwa karani katika Idara ya Forodha. Alidumu huko hadi mwaka 1944, na Pangani ni miongoni mwa vituo alivyofanyia kazi. Baadaye alihamia idara ya wanyama, kisha mwaka 1946 akarejea Tanga katika ofisi ya wilaya, na kuanzia mwaka 1952 akawa katika idara ya upimaji wa ardhi. Kwa hesabu hiyo, zaidi ya miaka 30 ya maisha yake ilipita mezani pa karani, akinakili na kuhesabu mambo ya serikali ya kikoloni, ambayo haikumpa cheo kinacholingana na akili yake. Vitabu vyake aliviandika katika saa zilizobaki baada ya kazi hiyo.

Hakuwa mwalimu wa kuajiriwa. Aliyekuwa mwalimu wa shule ni ndugu yake, Yusuf Ulenge, ambaye tutamfikia. Hata hivyo, tukihesabu watoto wa Afrika Mashariki waliojifunza kusoma, kupima neno na kutofautisha jema na baya kwa kupitia kurasa za karani huyu, hatuoni jina lingine la kumpa isipokuwa mwalimu.

Waraka wa baba kwa watoto

Kazi yake ya kuwaandikia watoto haikuanzia kwa watoto wa watu. Ilianzia nyumbani kwake. Mkewe Amina alifariki, na shairi alilomwomboleza kwalo linasomwa hadi leo. Katika *Maisha Yangu*, kitabu kilichochapishwa mwaka 1949, aliweka tenzi mbili za nasaha kwa wanawe: *Utenzi wa Hati* kwa binti yake na *Utenzi wa Adili* kwa mwanawe wa kiume. Tazameni majina yenyewe. Hati ni maandishi yanayothibitisha haki ya mtu, mfano wa hati ya shamba au ya nyumba. Na adili ni mwenendo wa haki. Baba ambaye hakuwa na mashamba mengi ya kurithisha alimwandikia binti yake hati ya namna nyingine. Ndani ya tenzi hizo kuna kumcha Mungu, kuwatii wazazi, usafi, kuuchunga ulimi, kupenda kazi na kuishi na watu kwa wema.

Muislamu anayezisoma hawezi kuacha kumkumbuka Luqman. Katika sura inayobeba jina lake, Allah (S.W) ametuhifadhia maneno ya mzazi kwa mwanawe: asimshirikishe Mola wake, asimamishe swala, awe na subira, asiwageuzie watu uso kwa kiburi, apunguze sauti yake. Nasaha za baba mmoja kwa mtoto mmoja zimefanywa kuwa uongofu wa umma mzima hadi Siku ya Kiyama. Basi anayedhani kwamba kukaa na mtoto na kumpa maneno mazuri kwa lugha anayoifahamu ni jambo la pembeni katika dini, na aifungue sura hiyo.

Pwani yetu imelijua jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1858, Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, akiwa mgonjwa na akiyaona mauti yanakaribia, alimtungia binti yake utendi wa nasaha. Mama yule alikuwa kitandani, na Shaaban Robert alikuwa karani mwenye msiba. Hali zao ni mbali mbali, lakini wote wawili walijua kwamba mzazi ataondoka, na kwamba sauti yake haitabaki ila ikiwekwa mahali.

Tulipofika hapa katika kusoma kwetu tulijiuliza swali ambalo halikutupendeza. Sisi tunaosimama katika safu za msikiti, tuliosoma vyuoni na wengine wetu tuna vyeti, tumewaandikia watoto wetu nini? Tulitazama tukaona risiti za ada, na jumbe za simu za maneno matatu: umefika? umekula? rudi nyumbani. Akifa mmoja wetu usiku huu, mtoto wake atabaki na simu ambayo baada ya mwaka haitawaka tena.

Kitabu cha manyani

Sasa turejee kwenye kitabu kilichomshangaza mzee wetu. *Adili na Nduguze* kilichapishwa mwaka 1952, na kisa chake kina asili katika masimulizi ya kale ya Kiarabu ya Alfu Lela Ulela. Yupo mfalme aitwaye Rai, na yupo liwali wa Janibu aitwaye Adili, mtu mwema, mkarimu kwa wageni na mwaminifu katika kazi. Mjumbe wa mfalme anafika kwa Adili, anakirimiwa vizuri, na usiku anagundua siri. Mwenyeji wake ana manyani wawili aliowafunga. Kila usiku huwapiga, na kila akiwapiga hulia machozi, kisha huwalisha chakula kizuri.

Habari inamfikia mfalme. Adili anaitwa kujieleza, naye anasema kwamba manyani wale ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu. Baba yao alipofariki aliwaachia mali. Wale wawili waliiponda yao, na ndugu yao akawapokea. Wakasafiri pamoja, na katika safari hiyo wakamwonea wivu kwa mema aliyojaliwa, hata wakamtupa baharini. Aliokolewa na Huria, jini ambaye naye aliwahi kuokolewa na Adili. Huria ndiye aliyewageuza wale ndugu kuwa manyani na kumwamuru Adili awapige kila usiku, tena kwa kitisho kwamba akiacha adhabu itamgeukia yeye mwenyewe. Kisa kinaishaje hatusemi, kwa sababu tunataka mkisome na watoto wenu.

Mwalimu wa madrasa aliomba ruhusa ya mwenyekiti akisome kitabu hicho darasani kwa Jumamosi tatu, kabla kamati haijaamua lolote, ili watu wahukumu jambo waliloliona. Tulikwenda kukaa nyuma ya darasa. Watoto walikuwa wapatao 30, wakubwa wao wana miaka 13. Siku ya pili, kilipofika kisa cha fimbo na machozi, binti mmoja wa miaka kama tisa aliinua mkono akauliza: "Maalim, kama anawapenda, kwa nini anawapiga? Na kama anawachukia, kwa nini analia?"

Darasa likanyamaza. Hata sisi tuliokaa nyuma tulinyamaza. Kisha mvulana mmoja akasema, kama mtu anayesema jambo lililo wazi: "Analia kwa sababu ni ndugu zake."

Mwalimu hakuongeza maneno juu ya jibu hilo. Aliwaambia wafungue misahafu yao katika Sura Yusuf, akawauliza ni nani mwingine aliyetupwa na ndugu zake. Wale watoto walikuwa wamekwishaisoma sura ile, na baadhi yao wameihifadhi. Lakini siku ile tuliwaona wakiisoma kama watu waliopata ufunguo. Yusuf alitupwa kisimani na Adili alitupwa baharini. Huku wivu na kule wivu. Huku baba anayelia na kule ndugu anayelia. Na Yusuf alipokuwa na uwezo wa kulipiza alisamehe. Mtoto mmoja alitaka kujua ikiwa Adili naye atasamehe. Mwalimu akamwambia arudi Jumamosi inayofuata.

Hapo ndipo tulipolipata jibu ambalo hatukuwa nalo siku ya kikao. Allah (S.W) Mwenyewe amewalea waja Wake kwa visa, na kisa cha Yusuf akakisifu kuwa miongoni mwa vilivyo vizuri mno. Hadithi ya karani wa Vibambani haijawekwa kando ya Qur'an, wala haiwezi. Ni kazi ya mwanadamu, na ina makosa na upungufu wa mwanadamu. Lakini ilimsaidia mtoto anayesoma Kiarabu asichokifahamu vizuri akahisi, kwa lugha ya mama yake, uzito wa jambo ambalo Qur'an inalisema.

Barua za miaka 27

Tulisema tutamfikia Yusuf Ulenge. Huyu alikuwa ndugu wa Shaaban Robert na alikuwa mwalimu. Naye pia aliwaandikia watoto. Kitabu chake cha *Nguzo ya Maji na Hadithi Nyingine* wengi walio wazee leo walikutana nacho walipokuwa wanafunzi. Kwa hiyo katika familia moja ya Tanga walitoka waandishi wawili, mmoja akitoka mezani pa karani na mwingine darasani, na wote wawili kalamu zao zikaelekea kwa wadogo.

Waliandikiana. Kazi ya serikali ilimhamisha Shaaban Robert kutoka kituo hadi kituo, na alipokuwa mbali alimwandikia Yusuf habari za jamaa, za kazi na za vitabu. Barua hizo, kuanzia ya mwaka 1931 hadi ya mwaka 1958, zilihifadhiwa, na mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikazichapisha kuwa kitabu, *Barua za Shaaban Robert 1931–1958*. Ni miaka 27 ya ndugu mmoja kumwandikia ndugu yake, na ya ndugu huyo kutozitupa zile karatasi. Kwa joto la pwani yetu na mchwa wetu, kutunza karatasi kwa muda huo ni kazi ya moyo.

Tunalitaja hili kwa sababu ambayo haikutoka vitabuni. Katika msikiti mmoja tunaoujua, wapo ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Baba yao alipofariki aliacha nyumba moja, na kuhusu nyumba hiyo walipishana maneno. Sheria ya mirathi iko wazi, na masheikh waliwasomea. Fungu la kila mmoja linajulikana hadi sehemu ya mwisho. Mafungu yamegawanywa, lakini salamu haijarudi. Mmoja huswali upande wa kulia wa safu na mwingine upande wa kushoto, na imamu akishatoa salamu kila mmoja hutoka kwa mlango wake. Wazee wamekwenda kwa huyu na kwa yule, wakakumbusha hadithi ya Mtume (S.A.W) inayokataza Muislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu. Wote wawili waliitikia kwa adabu, wakawakaribisha wazee chai, na hakuna aliyevuka njia.

Mirathi ni nusu ya elimu, kama wanavyosema walimu wetu, na pwani ya Tanga imepata bahati ya kuwa na wanavyuoni walioiandika elimu hiyo kwa Kiswahili. Marehemu Sheikh Ali bin Hemed al-Buhry, aliyekuwa kadhi hapa Tanga, aliwatungia watu kitabu cha mirathi kwa lugha wanayoielewa. Kitabu kama hicho kinatufundisha nani apate nini. Kuna elimu nyingine ambayo lazima iwe imekwishakaa moyoni kabla ya siku ya kugawa, nayo ni kwamba yule unayegawana naye ni ndugu yako. Elimu hiyo haifundishwi mtu wa miaka 50 barazani. Hufundishwa akiwa na miaka tisa, na njia mojawapo ya kumfundisha ni kumsomea kisa cha mtu anayepiga huku analia, na kumwacha aulize kwa nini.

Walimu wetu walioshika kalamu

Huenda bado yupo msomaji anayeona kwamba kuandika kwa ajili ya wadogo ni kazi ya watu wa fasihi tu, na kwamba wanavyuoni wana mambo makubwa zaidi. Tunamkumbusha waliotutangulia. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947, ndiye aliyeanzisha gazeti la *Sahifa* mwaka 1930 na *al-Islah* mwaka 1932 ili Waislamu wasome dini na dunia kwa Kiswahili. Mtu huyo huyo, pamoja na uzito wa elimu yake, aliandika vitabu vya masomo ya dini kwa ajili ya wanafunzi wadogo. Hakuona kwamba kushuka hadi kimo cha mtoto kunampunguzia heshima.

Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912, alikuwa mwalimu wa shule kwa miaka mingi kabla ya kuwa Kadhi wa Zanzibar mwaka 1960 na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya. Wengi wanamjua kwa *Qurani Takatifu* ya mwaka 1969, tafsiri iliyoingia katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Lakini wapo wazazi wetu waliomjua kwanza kwa kitabu chake cha maisha ya Mtume Muhammad (S.A.W), kilichosimuliwa kwa Kiswahili ambacho kijana anaweza kukifuata bila kushikwa mkono. Tunaamini miaka yake ya darasani ndiyo iliyompa lugha hiyo. Aliyezoea kuulizwa na watoto huandika akijua wapi watauliza.

Kuandika hakukuwa rahisi kwao, wala kwa Shaaban Robert. *Pambo la Lugha* kilichapishwa mwaka 1947 mbali sana na Tanga, huko Johannesburg. Vingine vilichapishwa London. Alipofariki mwezi Juni 1962, miezi michache baada ya Uhuru wa Tanganyika, aliacha miswada ambayo haikuwa imetoka. *Kufikirika*, hadithi ambayo mwalimu wa mwana wa mfalme ni miongoni mwa wahusika wake wakuu, kilitoka mwaka 1967, wakati mwandishi alikuwa kaburini kwa miaka mitano. Serikali ya Uingereza ilikuwa imempa nishani, na vitabu vyake vingine vikakusanywa katika mfululizo wa *Diwani ya Shaaban*. Mtu aliyetumia jioni zake kuandika bila kujua kama kitabu kitachapishwa anatufundisha subira kuliko mawaidha mengi tuliyoyasikia kuhusu subira.

Tufanye nini majumbani?

Hatupendi kumaliza kwa maombolezo. Yapo mambo ambayo familia inaweza kuyaanza wiki hii bila kusubiri kamati yoyote.

La kwanza, baina ya Magharibi na Isha, runinga izimwe na simu ziwekwe juu ya kabati kwa dakika 20. Mtu mmoja asome kwa sauti kisa kimoja. Asiwe baba peke yake. Mama asome, bibi asimulie, na mtoto mkubwa apewe zamu yake. Msomaji asikimbilie kueleza mafunzo ya kisa. Awaache watoto waulize, na asipojua jibu aseme hajui.

La pili, kila mzazi aandike waraka mmoja kwa kila mtoto wake. Si lazima uwe utenzi. Iwe karatasi moja, kwa mkono wake, yenye jina la mtoto juu na tarehe chini: nimekupenda kwa lipi, ninakuusia nini, ninakuomba radhi kwa lipi. Auweke pamoja na hati za nyumba. Mtume (S.A.W) ametuhimiza tusilale usiku bila wasia wa mali zetu kuwa umeandikwa, basi waraka huu na ukae pamoja na wasia huo.

La tatu, walimu wetu wa madrasa na wa shule, hasa vijana waliomaliza vyuo vya Kiislamu, washike kalamu. Kila siku mnasimulia watoto visa vizuri vya masahaba, vya wavuvi wa Tongoni na Moa, vya mabibi waliolea mayatima, na visa hivyo hufa kengele ikigonga. Andikeni kimoja. Kisomeni mbele ya watoto kabla ya kukionesha kwa mtu mzima, kwani watoto watawaambia palipopwaya.

Muhtasari wa kikao kilichofuata

Kikao kilikutana tena baada ya mwezi. Ilipofika ile ajenda tulisoma kwa ufupi haya tuliyoyaandika hapa, na mwalimu akaeleza yaliyotokea darasani. Mjadala ulikuwa mrefu, lakini sauti zilikuwa chini. Mweka hazina alikwisha kupita kwa fundi, akapewa hesabu ya kushona zulia pale palipochanika na kulitandika upya, nayo ilikuwa ndogo kuliko bei ya zulia jipya. Ikakubaliwa zulia lishonwe na kabati linunuliwe, na vitabu vianze na vile ambavyo waumini watatoa wakfu.

Mzee wetu alibaki upande wake. Alisema zulia ni la watu wote na kabati ni la watoto tu, akataka iandikwe katika muhtasari kwamba alipinga. Tukaandika. Watu walipokuwa wakinyanyuka alitushika mkono, akasema kwa sauti ya chini: "Andika na hili. Mjukuu wangu yumo katika darasa lile. Ananiuliza kila siku kama Hasidi na Mwivu walitubu, nami sijui la kumjibu. Kile kitabu nitakipata wapi?"

Kitabu ni kile kile alichokiinua siku ya kwanza. Tulimpa, akaondoka nacho ndani ya mfuko wa kanzu.

Ama wale ndugu wawili tuliowataja, hadi tunapoandika haya bado kila mmoja anatoka kwa mlango wake. Watoto wao wako madrasa moja. Jumamosi iliyopita tuliwakuta binti wa huyu na mwana wa yule wamekaa mkeka mmoja, wameinamia kitabu kimoja kwa kuwa nakala hazitoshi, mmoja anasoma na mwingine anafuata mstari kwa kidole.

Tunamwomba Allah (S.W) amrehemu Shaaban Robert, amrehemu ndugu yake Yusuf Ulenge, awarehemu Sheikh Ali bin Hemed, Sheikh al-Amin, Sheikh Farsy na walimu wetu wote waliotufundisha herufi kwa kalamu na kwa ulimi. Aiunganishe mioyo ya ndugu waliotengana, na awajaalie watoto wetu wawe bora kuliko sisi. Amin.